Mboga Moja, Miili Tofauti: Kwa Nini Chakula cha Mimea Hakimfai Kila Mtu kwa Namna Moja



Jioni ukipita Mama Ngina, chini ya ile mibuyu inayotazama lango la bahari, karibu kila kinachouzwa kimetoka kwenye mmea. Kuna mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa pilipili na ndimu, maembe mabichi yenye chumvi, mabuyu mekundu, madafu, juisi ya ukwaju na ya miwa, na kahawa chungu ya tangawizi. Watu wawili wakinunua vitu hivyo hivyo kwa muuzaji mmoja, bei watakayolipa ni moja lakini watakachopata mwilini huenda kisiwe kimoja. Mmoja atakunywa kahawa alale fofofo, na mwenzake akeshe hadi adhana ya alfajiri. Mmoja atafurahia pilipili, na mwingine atatokwa na machozi. Mgonjwa wa figo akinywa madafu matatu anaweza kuishia hospitalini, ilhali jirani yake atajihisi ameburudika tu.

Mazungumzo haya yanaeleza sababu za tofauti hizo. Ni muhimu kuzijua kwa sababu mjini hapa habari za vyakula na mitishamba husambaa kwa maneno ya "fulani alikunywa akapona". Mtu akishasikia hivyo, humwiga fulani. Wengine hufikia hatua ya kuacha dawa za presha au za kisukari. Hata mwarobaini hubeba ahadi katika jina lake, ahadi ya kutibu maradhi arubaini. Lakini mwili wa fulani si mwili wa anayemwiga. Tofauti kati yao huanzia ulimini, na huonekana pia katika sufuria, tumbo, ini na damu.

Tofauti ya ulimi

Mwaka 1931, mwanakemia Arthur Fox wa kampuni ya DuPont nchini Marekani alikuwa akimimina unga wa kemikali fulani katika maabara, na vumbi lake likapeperuka hewani. Mwenzake alilalamika kwamba vumbi lile ni chungu mno. Fox mwenyewe hakuonja lolote. Walipowajaribu watu wengine, wakakuta wamegawanyika vivyo hivyo: wapo walioonja uchungu mkali na wapo ambao hawakuonja kitu. Mwaka 2003 wanasayansi waliitambua jeni inayohusika zaidi na tofauti hiyo, nayo huitwa TAS2R38. Kila mtu huirithi kwa baba na mama, na ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana.

Jambo hili linaigusa sufuria ya kila siku. Sukuma wiki na kabichi zina viambato vya jamii ambayo jeni hiyo humwezesha mtu kuionja. Kwa hiyo mtoto anayekunja uso mbele ya sukuma wiki huenda hana kiburi wala deko. Huenda ulimi wake unaonja uchungu ambao mama yake hauonji. Mwanadamu ana aina kama 25 za vipokezi vya uchungu, na mboga kama mchunga na mnavu zinaweza kugusa vingine. Wazee wa Pwani walikuwa na njia zao: kuchemsha na kumwaga maji ya kwanza, kutia tui la nazi, au kuchanganya mboga chungu na isiyo chungu. Njia hizo zina maana, kwa kuwa mboga isiyoliwa haimfai mtu hata ikiwa na virutubisho vingi namna gani. Mzazi ajue tu kwamba maji yanayomwagwa huondoka na sehemu ya vitamini C, basi yasiwe mengi kupita kiasi.

Pilipili nayo ina kisa chake. Ukali wake hutokana na kapsaisini, kiambato kinachogusa mishipa ile ile ya fahamu inayohisi moto. Mwanasayansi David Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kutambua kipokezi hicho. Anayekula pilipili tangu utotoni huizoea, na asiyeizoea huungua. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia hana haja ya kushindana na mtu yeyote katika kula mihogo ya pilipili.

Tofauti ya sufuria

Mchicha, majani ya kunde, matembele, karoti na maboga yana rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga. Rangi hiyo haiyeyuki katika maji bali katika mafuta. Mchicha uliochemshwa kwa maji matupu hutoa kidogo, ilhali mchicha wa nazi hutoa zaidi, kwa sababu mafuta ya tui huibeba rangi hiyo hadi ipite kwenye utumbo. Mpishi wa Pwani aliifanya kazi hii vizuri karne nyingi kabla haijaandikwa vitabuni.

Hata hivyo, watu wawili waliokula mchicha wa nazi kutoka sahani moja hawatapata vitamini sawa. Kuna kimeng'enya kinachoikata ile rangi na kuifanya vitamini A, na jeni yake hutofautiana. Wapo ambao chao hufanya kazi kwa ulegevu. Minyoo pia huweza kupunguza kinachofyonzwa, na mwenye akiba ndogo ya vitamini A mwilini hugeuza rangi hiyo kwa wingi kuliko aliyeshiba. Kwa sababu hizo, matone ya vitamini A na dawa za minyoo wanazopewa watoto katika vituo vya afya hayapingani na chakula bora. Huziba pengo ambalo mzazi hawezi kuliona kwa macho.

Sukuma wiki ina siri nyingine. Ikikatwakatwa, kimeng'enya kilichomo ndani yake hukutana na viambato vyake na kutengeneza kitu ambacho wanasayansi wanakichunguza kwa manufaa yake mwilini. Moto mkali huua kimeng'enya hicho. Mboga iliyochemshwa kwa muda mrefu huiachia kazi hiyo bakteria wa tumboni, na uwezo wao haulingani kati ya mtu na mtu. Ushauri wake hauna gharama: mboga ioshwe kwanza, ikatwe, iachwe dakika chache, kisha ipikwe kwa muda mfupi.

Chai, ndimu na damu

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi kwa kina mama na watoto. Upungufu wa damu humchosha mjamzito, humweka hatarini wakati wa kujifungua, na humrudisha mtoto nyuma katika kukua na kujifunza. Wengi huambiwa wale mboga za majani, kunde na maharagwe ili kuongeza damu. Ushauri huo ni mzuri, ila haujakamilika.

Madini ya chuma yaliyomo katika mimea hufyonzwa kwa shida kuliko yale ya nyama na samaki. Chai ina tanini, ambayo huyakamata madini hayo yasipite. Kikombe kimoja cha chai kikinywewa pamoja na mlo wa mimea kinaweza kupunguza ufyonzaji kwa zaidi ya nusu. Kahawa pia hupunguza. Kwa upande mwingine, vitamini C ya ndimu, chungwa, embe au ubuyu huongeza ufyonzaji. Hivyo mama anayekula maharagwe na chai, na jirani yake anayekula maharagwe yale yale kwa kachumbari ya ndimu, hawajala mlo mmoja. Chai ingojee saa moja hivi baada ya kula.

Bado hiyo si sababu yote. Mwili una homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufanya kazi ya bawabu wa madini ya chuma. Mwenye upungufu wa madini hayo hepsidini yake hushuka, na mlango hufunguka. Mwenye malaria au uvimbe mwingine mwilini hepsidini yake hupanda, na mlango hufungwa hata kama sahani imejaa mchicha. Kwa hiyo mtoto anayeugua malaria mara kwa mara anaweza kulishwa vizuri na bado akakosa damu. Dawa yake ya kwanza ni kupimwa na kutibiwa malaria na kulala ndani ya chandarua, na mboga zifuate hapo. Mjamzito naye asiache vidonge vya madini ya chuma na foliki anavyopewa kliniki kwa kudhani juisi ya biti inatosha.

Tofauti ya tumbo

Utumbo wa kila mtu una bakteria kwa matrilioni. Vingi vya viambato vizuri vya mimea havifanyi kazi hadi bakteria hao wavivunje. Komamanga ni mfano mzuri. Viambato vyake hugeuzwa na bakteria kuwa vitu vingine viitwavyo urolithini, ambavyo ndivyo vinavyoingia kwenye damu. Watafiti wamegundua kwamba watu hugawanyika katika makundi matatu kulingana na wanachokitoa, na kundi mojawapo halitoi urolithini kabisa. Watu wawili wanaweza kula komamanga la mti mmoja, mmoja akafaidi na mwingine akabaki na utamu tu.

Bakteria hao hutegemea mtu anakula nini. Nchini Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadza, ambao baadhi yao bado hula mizizi ya porini, matunda, ubuyu, asali na nyama ya kuwinda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha na wakazi wa jiji la Bologna, Italia, na kuona kwamba Wahadza wana aina nyingi zaidi za bakteria. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba bakteria hao hubadilika kwa majira: kuna aina zinazofifia msimu mmoja na kurejea mwingine, kadiri chakula kinavyobadilika.

Hakuna anayewataka wakazi wa Mombasa waende kuchimba mizizi porini. Funzo ni kwamba tumbo hujengwa polepole kwa vyakula vya aina nyingi: kunde, pojo, mbaazi, mihogo, viazi vitamu, mboga za kienyeji na matunda ya msimu. Aliyeishi kwa mkate mweupe na chipsi, kisha akaanza ghafla kula bakuli kubwa la maharagwe, atajaa gesi na kusema maharagwe hayamfai. Huenda tatizo ni kwamba bakteria wake hawajajiandaa. Aanze na kidogo. Antibiotiki zinazonunuliwa dukani bila cheti cha daktari huua bakteria hao bila kuchagua, na hiyo ni sababu nyingine ya kutozichezea.

Tofauti ya ini

Kahawa chungu ni heshima ya Mji wa Kale, na pamoja na kashata ni mazungumzo ya baraza. Kafeini yake huvunjwa na ini kwa kimeng'enya ambacho kwa wengine kina kasi na kwa wengine ni cha polepole. Kurithi ni sababu moja. Uvutaji sigara huongeza kasi hiyo, na vidonge vya kupanga uzazi huipunguza. Ujauzito huipunguza sana: kafeini ambayo kwa kawaida hupungua kwa nusu ndani ya saa 5 hivi, huweza kuchukua zaidi ya saa 10 kwa mama aliye katika miezi ya mwisho. Kwa hiyo kikombe alichokizoea kabla ya mimba kimekuwa kikubwa mwilini mwake, ingawa machoni ni kile kile. Mjamzito apunguze, wala wenzake barazani wasimcheke.

Tofauti ya damu

Mfano ulio mzito zaidi umo katika damu yenyewe. Chembe nyekundu za damu hujilinda kwa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Baadhi ya watu huzaliwa wakiwa na upungufu wake. Aghalabu hawaumwi na chochote, na wengi huishi maisha yote bila kujua. Lakini wakikutana na vitu fulani, chembe zao hupasuka kwa wingi na damu hupungua kwa siku chache.

Kitu kimoja ni ful, yale maharagwe mapana yanayopendwa kwa kifungua kinywa Misri, Sudan na Yemen, na yanayojulikana pia katika nyumba zenye asili ya Uarabuni. Kwa wengi ni chakula bora chenye protini. Kwa mwenye upungufu huu, viambato vyake vinaweza kuwa sumu. Dawa kadhaa pia zina hatari hiyo, ikiwemo primakwini ya malaria. Ni kwa kuchunguza waliodhurika na primakwini ndipo upungufu wa G6PD ulipotambuliwa mwaka 1956.

Kwa nini hali hii ipo sana Pwani? Sababu ni malaria. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba kubeba nakala moja ya jeni ya selimundu humkinga mtu dhidi ya malaria, na baadaye akauchunguza upungufu wa G6PD katika damu za watu wa Afrika Mashariki. Huko Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walichapisha mwaka 2015 matokeo ya uchunguzi wa watoto wengi: wasichana wenye nakala moja ya jeni ya upungufu huo walikuwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali. Jeni iliyobaki kwa sababu iliwafaa mababu ndiyo inayomfanya mjukuu asile ful.

Aina iliyoenea zaidi Afrika kwa kawaida ni nyepesi kuliko ile ya nchi za Mediterania na Mashariki ya Kati. Lakini Mombasa ni mji wa bandari, na damu za watu wake zimetoka bara, Uhindini, Uajemi, Yemen na Oman, ambako upungufu huu ni wa kawaida sana. Jina la ukoo haliwezi kumwambia mtu alichorithi. Kipimo cha maabara ndicho kinachoweza. Wavulana huathirika zaidi kwa kuwa jeni hii hurithiwa kutoka kwa mama kupitia kromosomu ya X.

Tahadhari mbili ziwekwe moyoni. Kwanza, mtoto akigeuka macho kuwa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai nzito, au akalegea na kupauka baada ya kula ful, kumeza dawa au kuugua homa, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Pili, hina si chakula, lakini ni mmea, na imewahi kuwasababishia watoto wachanga wenye upungufu huu kupasuka kwa damu baada ya kupakwa. Mtoto mchanga asipakwe hina, hata kama ni kwa furaha ya arubaini. Nguo zake pia zisihifadhiwe na vidonge vya nafthalini vya kuzuia nondo.

Chakula kinapokutana na dawa

Kuna tofauti ambayo mtu hakuzaliwa nayo. Anaibeba mfukoni, na ni dawa anazotumia. Madafu yana potasiamu kwa wingi. Figo nzima huitoa, lakini figo dhaifu hushindwa, na potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Balungi huzuia kimeng'enya cha utumboni kinachovunja baadhi ya dawa za presha na za kupunguza mafuta katika damu, hivyo kidonge kimoja kikafanya kazi kama kadhaa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, haambiwi aache mboga za majani. Anaambiwa ale kiasi kisichopanda na kushuka, kwa sababu vitamini K iliyomo huipunguza nguvu dawa hiyo.

Katika haya yote, muuzaji wa chupa ya mitishamba hatamuuliza mteja habari za figo wala dawa anazomeza. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Wa kuulizwa ni mhudumu wa afya.

Mambo ya kuzingatia

Mimea inabaki kuwa msingi wa lishe bora kwa kila mkazi. Kinachotofautiana ni kiasi, namna ya kupika na wakati wa kula.

Sahani iwe na aina nyingi, kwa sababu asiyefaidika na hiki atafaidika na kile. Mboga za majani zipikwe kwa mafuta kidogo au tui, na ndimu isikosekane mezani. Chai na kahawa zisiandamane na mlo wa mjamzito na mtoto. Mwenye ugonjwa wa figo, presha, kisukari au moyo ataje kila kinywaji na kila mtishamba anaotumia anapomwona daktari, bila aibu. Asiache dawa kwa sababu jirani alipona kwa majani. Familia ambayo mtu wake amewahi kugeuka manjano au kuishiwa damu ghafla iulize kuhusu kipimo cha G6PD katika hospitali ya rufaa. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita majumbani waelezwe habari hizo pia, kwani kazi yao ni kumwelekeza mgonjwa mahali panapofaa.

Na pale barazani, mtu akisema "hiki kimenisaidia", wenzake wamwamini, kwa kuwa huenda ni kweli. Kisha kila mmoja ajiulize juu ya mwili wake mwenyewe kabla hajanyoosha mkono.